Mwenye kuandika ndani ya mizani ana amana, nasi tuna wajibu kwake

 Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda tuizungumzie kazi ambayo wengi wetu hatujalizoea hata jina lake, ingawa matokeo yake tunayashika kwa mikono yetu kila siku. Tunakusudia kazi ya kijana anayeandika programu zinazokaa ndani ya vyombo. Si zile za kwenye kioo cha kompyuta, bali zile zilizofungiwa ndani ya mita ya umeme, ndani ya mizani ya kidijitali, ndani ya pampu ya maji na ndani ya jokofu la chanjo. Na hasa tunamkusudia yule anayeifanya kazi hiyo kwa kujitegemea, asiye na ofisi wala mwajiri mmoja, bali ana meza na kompyuta katika chumba cha uani, Kibondo au Kasulu.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni malalamiko ya wazazi. Katika nyanda za juu za Kigoma, kama ilivyo kwingineko nchini, mzazi aliyeuza maharage na ng'ombe ili mwanawe afike chuo kikuu hutarajia kumwona akitoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Anapomwona amejifungia na nyaya na vibao vya umeme, akilala baada ya alfajiri na kuamka adhuhuri, husema: "Sheikh, mwanangu amesoma lakini hana kazi." Ukidadisi kwa upole, mara nyingine unakuta kazi anayo, mkataba anao, na malipo yanaingia. Kinachokosekana ni jicho la kuiona kazi hiyo.

Sababu ya pili inawahusu vijana wenyewe. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kazi yao haionekani, basi na hesabu yake haipo. Pande zote mbili zinahitaji kukumbushwa, na ukumbusho una manufaa kwa anayeusikiliza.

Kazi yenyewe ni ipi?

Huwezi kukihukumu kitu usichokijua. Basi tuieleze kwanza kazi hii kwa lugha nyepesi. Katika kila chombo cha kisasa mna chipu ndogo ya kukokotoa hesabu na kutoa amri. Kandoni mwake mna viungo vinavyohisi na kutenda: kimoja hupima joto, kingine hupima uzito, kingine hufungua na kufunga njia ya maji. Chipu hiyo haijui namna ya kusema na viungo hivyo mpaka mtu aiandikie maelekezo. Maelekezo hayo mafundi huyaita draiva, nasi kwa Kiswahili tutayaita kiendeshi. Kiendeshi ni mkalimani. Husimama baina ya chuma na hesabu, akimweleza huyu alichosema yule. Mkalimani akiwa mjinga au mwongo, wote wawili hawatajua.

Tuchukue mizani ya kidijitali ambayo mnunuzi wa maharage huitandika sokoni. Chini ya bamba lake mna kipande cha chuma ambacho, gunia likiwekwa, hupinda kidogo mno kiasi ambacho jicho halioni. Kupinda huko hubadilisha umeme unaopita katika nyuzi nyembamba zilizogandishwa juu ya chuma hicho. Badiliko lenyewe ni sehemu ya elfu ya volti. Chipu nyingine hulikuza badiliko hilo na kuligeuza kuwa namba. Miongoni mwa chipu zinazotumika sana kwa kazi hiyo katika vyombo vya bei nafuu ni ile iitwayo HX711, ambayo hutoa namba yenye biti 24.

Kiendeshi ndicho kinachoisoma namba hiyo, biti moja baada ya nyingine, kwa kupiga ishara ya umeme kwenye mguu mmoja wa chipu na kusikiliza jibu kwenye mguu mwingine. Ishara hiyo ina adabu yake. Ikiachwa juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60, yaani sehemu 60 za sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, chipu hufahamu kwamba imeamriwa kulala, nayo hulala. Fundi asiyeisoma karatasi ya maelezo ya chipu, akaruhusu kazi nyingine ikatize usomaji katikati, mizani yake inaweza kusema kweli mara elfu na kusema uongo mara moja, na hapana atakayejua ni mara ipi.

Tena namba hiyo peke yake si kilo. Hugeuzwa kuwa kilo kwa kutoa namba ya mizani ikiwa tupu, kisha kugawanya kwa kipimo kilichopatikana kwa kuweka jiwe la uzito unaojulikana. Namba hizo mbili huhifadhiwa mahali padogo katika kumbukumbu ya chombo. Mwenye kuzigusa amegusa gunia la kila mkulima atakayepita mbele ya mizani ile.

Mfano mwingine uko katika zahanati. Chanjo nyingi za watoto wetu hutunzwa baina ya nyuzi joto 2 na 8. Iko aina moja ya kipima joto kidogo, DS18B20, inayotumika sana duniani. Kikipata umeme na kuulizwa kabla hakijamaliza kupima, hujibu nyuzi 85, na jibu hilo si joto la kitu chochote. Ni jibu la kuanzia tu. Fundi mwangalifu analijua na kulikataa. Fundi mzembe hulipokea, kisha, akichoshwa na kelele za tahadhari ya uongo, huizima tahadhari yenyewe. Siku jokofu litakapopata joto la kweli, nesi hataarifiwa, na mama atakuwa amembeba mtoto mgongoni tangu kijijini kuja kuchomwa sindano iliyokwisha kuharibika.

Somo lililo ukutani mwa nyumba zetu

Hadi mwaka 2022, miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na ni katika mwaka huo gridi ya Taifa ilipofika huku. Lakini ama umeme wa jenereta ama wa gridi, mlango wake kwa wengi wetu umekuwa ni mita ya LUKU, ambayo huingizwa tarakimu 20 kila tununuapo umeme. Ndani ya tarakimu hizo, pamoja na kiasi cha umeme, mna alama ya wakati tokeni ilipotolewa, ili mtu asiitumie mara mbili. Alama hiyo ni hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, nayo ilitengewa nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo hubeba dakika 16,777,216 tu, ambazo ni kiasi cha miaka 31 na miezi 11 hivi. Kwa hiyo yeyote aliyejua hesabu aliweza kutabiri kwamba tarehe 24 Novemba 2024 chombo hicho kingejaa.

Wasomaji watakumbuka yaliyofuata. Mwaka 2024 TANESCO iliwataka wateja waziboreshe mita zao kabla ya tarehe hiyo. Mteja aliponunua umeme alipewa tarakimu 20 mara tatu: makundi mawili ya kwanza ya kuiweka mita sawa, na kundi la tatu la umeme wenyewe. Mita ambayo haikufanyiwa hivyo haikuweza tena kupokea umeme mpya baada ya siku ile. Halikuwa jambo la Tanzania peke yake. Kila nchi inayotumia mfumo huo, uliozaliwa Afrika Kusini, ilipaswa kufanya vivyo hivyo.

Tuzingatie jambo hili, ndugu msomaji. Watu ambao hatuwajui majina waliketi miaka mingi iliyopita wakaamua ukubwa wa nafasi moja ndani ya mita. Zaidi ya miaka 30 baadaye, bibi wa Kibondo akavaa miwani akabonyeza tarakimu 60 kwa sababu ya uamuzi ule. Na kwa uadilifu tuseme pia kwamba watu wale waliacha mlango wa kuirekebisha mita bila kuing'oa ukutani. Laiti wasingeuacha, mamilioni ya mita zingetupwa. Hiyo ndiyo sura ya kazi hii. Mwenye kuifanya hukutana na watu wasiomjua, katika wakati asioujua, na wema wake au uzembe wake huwafikia wote.

Kujitegemea ni kazi, na sheria yake inajulikana

Wapo wanaosema: iwe kazi sawa, lakini kwa nini hana mwajiri? Jibu letu ni kwamba jambo hili si geni katika elimu yetu. Mafaqihi, walipozungumzia ijara, yaani mkataba wa kuajiri, waliwagawa wafanyakazi mafungu mawili. Yuko ajiri makhsusi, aliyeuza wakati wake kwa mtu mmoja. Na yuko ajiri mushtaraku, anayepokea kazi za watu wengi, kama mshoni, mpaka rangi na dobi. Hakuna aliyesema kwamba fundi cherehani hana kazi kwa kuwa hana bosi. Kijana anayeandika kiendeshi cha pampu kwa kampuni ya Ujerumani mwezi huu, na mwezi ujao akatengeneza mizani ya chama cha ushirika, ni mshoni aliyebadili kitambaa.

Lakini mgawanyo huo una upande wa pili, na upande huo kijana asiusahau. Mafaqihi walikhitalifiana kuhusu dhamana ya fundi huyu wa watu wengi, yaani lini alipe kilichoharibika mikononi mwake. Baadhi walimfanya mwenye kuaminiwa, asiyelipa ila kwa kosa lake. Wengine walimbana zaidi ili kulinda mali za watu. Hawakukhitalifiana, hata hivyo, kwamba mwenye kuvuka mpaka au kuzembea anawajibika. Uhuru wa kujitegemea, basi, umekuja pamoja na mzigo wake. Mwajiriwa wa ofisini ana msimamizi wa kumkagua. Fundi wa chumbani hana ila Mola wake, karatasi za maelezo, na vipimo anavyojiwekea mwenyewe.

Ulimwengu umeshaona mambo yanavyokuwa ulinzi huo unapokosekana. Baina ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na AECL, shirika la umma la Canada, iliwapiga mionzi kupita kiasi wagonjwa sita katika Canada na Marekani, na baadhi yao walifariki. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme. Katika hiyo mpya, baadhi ya vizuizi viliondolewa na ulinzi ukaachiwa programu. Uchunguzi ulionesha kwamba programu hiyo iliandikwa na mtu mmoja, na kwamba mhudumu aliyekuwa mwepesi wa vidole, akirekebisha maelekezo haraka kwenye kibodi, aliweza kuikuta mashine katika hali ambayo haikutazamiwa. Mtu mmoja, chumba kimoja, na hakuna jicho la pili: kijana anayefanya kazi peke yake aisome habari hii kila anapotaka kusema, "Imeshafanya kazi, inatosha."

Lumbesa isiyoonekana

Uzembe ni jambo moja, na hila ni jambo jingine. Mkulima wa Kasulu anaijua lumbesa. Ni lile gunia lililoongezwa kichwa cha kamba na majani, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Serikali imeikataza, na Wakala wa Vipimo huikemea. Lakini lumbesa ya kamba huonekana kwa macho. Lumbesa iliyoandikwa ndani ya mizani haionekani. Mfanyabiashara asiyemcha Mungu atamwendea kijana usiku na kumwambia: "Punguza nusu kilo tu kila gunia, nitakulipa mara tatu." Kwa upande wa fundi ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa upande wa wakulima ni nusu kilo mara kila gunia, kila siku ya soko, kwa miaka yote mizani hiyo itakayoishi.

Katika Qur'ani Tukufu mna sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Hatudhani kijana Mwislamu anahitaji dalili zaidi ya hiyo. Ila liko tegemeo moja wanalolitegemea wengi, la kusema, "Mimi nimetumwa tu, dhambi ni ya aliyenituma." Hata mahakama za dunia hii hazikulikubali. Mwezi Septemba mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari linapimwa, ikasafisha moshi kwa muda wa kipimo, kisha ikauachia barabarani. Magari yaliyohusika duniani kote yalikuwa kiasi cha milioni 11. Mwezi Agosti mwaka 2017 mahakama ya Detroit ilimhukumu James Liang, mhandisi wa kampuni hiyo, kifungo cha miezi 40. Hakuwa mkurugenzi wala mwenye kampuni, na alikuwa amekiri kosa na kushirikiana na wachunguzi. Lakini alikuwa mmoja wa wahandisi, na mkono wake ulikuwemo katika kazi.

Basi kijana ajue kwamba neno "hapana" ni sehemu ya ufundi wake. Tena tunaongeza: atakayeombwa kuharibu mizani asiishie kukataa na kunyamaza. Wakulima wana haki ya kulindwa, na Wakala wa Vipimo upo kwa ajili hiyo. Nao wazee wa masoko, wanapoletewa mizani mpya, waulize kama imehakikiwa, na waiangalie alama ya uhakiki, kama walivyozoea kuiangalia mizani ya mawe.

Isnadi ya mafundi

Tumesema kwamba fundi wa chumbani hana jicho la pili. Lakini jicho hilo anaweza kulitafuta, na hapa iko habari ambayo sisi tuliokulia katika madrasa imetupendeza sana. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo unaoitwa Linux. Leo mfumo huo umo ndani ya simu za Android, ndani ya mitambo ya intaneti, na ndani ya vyombo vingi visivyohesabika. Sehemu kubwa kuliko zote ya maandishi yake ni viendeshi vya vifaa. Maandishi hayo yako wazi. Kijana wa Kasulu mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuyasoma bila malipo, akaona kosa, akaandika rekebisho na kulituma.

Rekebisho hilo halipokelewi hivi hivi. Tangu mwaka 2004, kila anayeleta kipande cha maandishi hukitia saini kwa jina lake, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Msimamizi anayekipokea na kukipeleka mbele huongeza jina lake chini ya jina la kwanza, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka kimfikie Torvalds mwenyewe. Anayetaka anaweza kufungua kumbukumbu hizo akajua mstari huu umeandikwa na nani, lini, kwa sababu gani, na umepita mikononi mwa nani. Tunapoiona safu hiyo ya majina hatuwezi kuacha kuikumbuka isnadi. Hatusemi kwamba ni kitu kimoja, kwani hadithi ya Mtume (SAW) haifananishwi na maelekezo ya chipu. Tunasema kanuni ni ile ile: neno lenye kuathiri watu halipokelewi mpaka ijulikane limetoka kwa nani na nani amelidhamini.

Kwa kijana wetu jambo hili lina faida mbili. Kwanza, kazi yake hukaguliwa na mabingwa wasio na sababu ya kumwonea haya, na hiyo ni shule isiyotoza ada. Pili, jina lake hubaki pale. Mteja wa mbali asiyejua Kasulu iko wapi atalikuta jina hilo na kazi iliyo chini yake, na huo ni ushahidi mzito kuliko vyeti vingi. Naye ajue pia kwamba uwazi huo una masharti. Leseni ya mfumo huo humtaka anayeusambaza ndani ya chombo chake ayatoe maandishi yake kwa wanaokipokea. Kuchukua kazi ya watu, kuficha asili yake na kuiuza kama yako ni kuvunja sharti, na Waislamu huamrishwa kusimamia masharti yao.

Tunawaambia nini wazazi?

Enyi wazazi wetu, wasiwasi wenu hatuupuuzi. Kazi hii ina miezi ya neema na miezi mikavu. Mteja akichelewa kulipa, hakuna chama cha wafanyakazi cha kukimbilia. Tena chumba kilichofungwa chenye intaneti kinaweza kuficha kamari na upuuzi mwingine kwa jina la kazi. Mzazi anayeuliza hafanyi kosa. Kosa ni kuuliza swali lisilofaa. "Ofisi yako iko wapi?" halikuonyeshi kitu. Muulize mwanao haya: Mkataba uko wapi? Chombo ulichokimaliza ni kipi, na nani anakitumia? Unamdai nani, na nani anakudai? Kijana mwenye kazi ya kweli atakujibu kwa furaha, na pengine atakuonesha zaidi ya unavyotaka kuona. Asiye nayo utamjua kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kuhusu kulala mchana, fanyeni hesabu. Mteja aliye California yuko nyuma yetu kwa saa 10 au 11. Anapoanza kazi saa 3 ya asubuhi yake, kwetu ni saa 1 au saa 2 ya usiku, na siku yake huisha kwetu ikiwa ni saa 9 au saa 10 alfajiri. Mlinzi anayekesha langoni hatumwiti mvivu akilala mchana. Ila kijana naye asiifanye saa ya mteja kuwa kubwa kuliko saa ya Mola wake. Alfajiri haina zoni ya majira ya California, na mkataba unaweza kuandikwa na nafasi za sala ndani yake.

Liko pia jambo la ndoa. Tunasikia posa zikikwama kwa neno moja tu, "Anafanya kazi nyumbani." Baba wa binti ana haki ya kujua kama mwanawe atalishwa. Lakini anayemkubali mwenye kitambulisho cha ofisi bila kuuliza madeni yake, kisha akamkataa fundi mwenye mikataba na akiba, huyo amepima kwa mizani mbovu, na mizani mbovu tumeshaisema.

Na kwa vijana

Nanyi vijana, andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Vipi basi mwenzetu anaanza kazi ya miezi mitatu kwa maneno ya simu? Andikeni chombo kitafanya nini na hakitafanya nini, kitajaribiwa vipi, malipo yatagawanywa awamu ngapi, na nani atakirekebisha kikiharibika baada ya mwaka. Andikeni pia maelezo ya kazi yenyewe, ili mwingine aweze kuiendeleza. Fundi anayeacha kiendeshi bila maelezo ili mteja asiweze kumwepuka kesho amemfunga mtu kamba bila ridhaa yake.

Jaribuni kazi zenu katika hali zinazofanana na za watumiaji. Mizani iliyojaribiwa mezani mchana ijaribiwe pia katika baridi ya asubuhi ya Kasulu, na umeme ukikatika katikati ya kupima, na betri ikikaribia kwisha. Tafuteni jicho la pili hata la rafiki. Wekeni akiba katika mwezi wa neema kwa ajili ya mwezi mkavu. Mkihitaji mtaji wa vifaa, msikimbilie mikopo ya simu yenye riba. Sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Nendeni mkaulize, na wazee wa misikiti wawasindikize, kwa kuwa ofisa aliyezoea maombi ya bodaboda na ufugaji wa kuku huenda asiielewe mara moja kazi ya chipu.

Wala msidhani kwamba ni lazima muihame Kigoma ndipo muwe mafundi. Ni kweli vifaa huchelewa. Chipu iliyoagizwa China husafiri majuma, kisha hupanda basi toka Dar es Salaam. Lakini mhandisi wa mjini mkubwa hajui kwamba pampu ya kisima huku husimama kwa tope la masika, wala hajui mkulima husoma namba gani na kuiacha ipi. Nyinyi mnajua. Aliye karibu na tatizo ana nusu ya dawa yake.

Ndugu msomaji, zamani mwenye mizani alisimama mbele yetu, tukamtazama usoni. Leo anayeisimamia mizani hayupo sokoni. Yuko chumbani, na pengine ni mwanao. Ukimfukuza kwa kejeli, mizani haitabaki bila mwandishi. Itaandikwa na mwingine, usiyemjua na usiyeweza kumnasihi. Huyu wako unaweza kumgongea mlango leo baada ya sala ya Ijumaa, ukaketi kando yake, ukamwambia: "Nionyeshe unachokifanya." Mwache akueleze, na usiharakishe kuondoka.